Rauta ya kampuni inakusumbua? Weka yako mwenyewe, hatua kwa hatua, kwa sisi wa Unguja na Pemba

Masuala ni yaleyale kila siku. Nimenunua rauta mpya mbona haishiki, ile ya kampuni naitoa naitupa au vipi, mbona nimechomeka kila kitu na waifai naiona lakini intaneti hamna. Nimeyajibu sana kwa vois za WhatsApp, leo nimekaa niyaandike yote pahala pamoja, mwenye shida asome mwanzo mpaka mwisho kabla hajagusa waya, akikwama ndo aulize.

Nianze na lile linalowapoteza wengi. Kisanduku cha kampuni ya intaneti, yaani hiyo rauta waliyokufungia, hukitupi. Kwa mwenye faiba kisanduku kile kina kazi mbili: ya kwanza kinageuza mwanga unaokuja ndani ya faiba kuwa intaneti ya kupita kwenye waya wa kawaida, ya pili kinaigawa hiyo intaneti kwa simu, TV na laptopu za humo ndani. Kazi ya kwanza mara nyingi kinaifanya vizuri tu, kinachokutesa ni ile ya pili, kwa sababu vingi vya visanduku hivi ni vya bei ya chini, vikishapata vifaa kumi na tano na joto la mchana vinachoka. Kwa hiyo ile ya pili ndo tunaipokonya tunaipa rauta yako, ya kwanza tunakiachia chenyewe. Na huna njia nyengine kwa kweli, kisanduku kile kimesajiliwa kwa namba yake kwenye mitambo ya kampuni, ukichukua faiba ukaichomeka kwenye chengine ulichonunua dukani hakitotambulika.

Kabla hujatoa pesa, hakikisha mwenye kosa ni rauta

Hapa usiparuke jamani. Kaa siku mbili tatu, kila intaneti ikikatika nenda kaitazame rauta kabla hujaizima, taa zake zinakwambia mengi.

Taa zote zikizimika kwa pamoja kisha zikawaka upya wenyewe, hiyo ni shida ya umeme au adapta. Geuza adapta usome, mfano 12V 1A, nunua nyengine ya volti hizohizo na ampea hizohizo au zaidi, volti usizibadilishe hata kidogo. Ukiona taa iliyoandikwa LOS imewaka nyekundu, hapo faiba yenyewe ina tatizo, imekunjwa au imekatika huko nje, na rauta mpya haitokusaidia chochote, piga simu kampuni. Ikiwa taa zote ni nzuri, LOS haikuwaka, lakini hakuna kinachofunguka mpaka uzime na kuwasha, na inajirudia kila siku, hapo ndo tunaituhumu rauta. Na kama ukumbini kila kitu kinakwenda mbio ila chumba cha uani hamna kitu, hiyo ni kuta tu, soma hatua ya 7 kwanza pengine pesa yako ikabaki mfukoni.

Kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi. Chukua laptopu, iunganishe na rauta ya kampuni kwa waya, waifai ya laptopu izime, kisha fungua madirisha mawili ya amri (Command Prompt), moja andika ping 192.168.1.1 -t au anwani yoyote iliyoandikwa kwenye stika ya rauta, la pili andika ping 8.8.8.8 -t (hiyo anwani ni ya Google huko nje), amri hizi ni za Windows. Ziache ziende. Intaneti ikikatika tazama: kama la kwanza linaendelea kujibu na la pili limekufa, tatizo liko kwenye laini au kampuni, kama yote mawili yamekufa na waya hukuugusa, rauta yenyewe ndo iliyoganda.

Halafu ifunue. Nasema hivi kwa kuwa nimeona kwa macho yangu. Niliitwa nyumba moja Malindi, rauta inaganda kila baada ya adhuhuri, wameshapiga simu kampuni mpaka wamechoka. Nafika naikuta juu ya friji, imefunikwa kitambaa cha kufuma kizuri kabisa, bi mkubwa wa nyumba kakifuma mwenyewe ili vumbi lisiingie. Nilipokinyanyua ile rauta ina joto mkono hauvumilii, na kwa nyuma kwenye matundu ya hewa mjusi kataga mayai mawili. Tukaizima, tukaipiga brashi kavu, tukaipandisha kwenye rafu ya ukutani iliyo wazi, haikuganda tena na hawakununua kitu. Kitambaa tukakiweka juu ya TV.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Rauta mpya yenye tundu la waya lililoandikwa WAN au Internet, yenye waifai za aina mbili, yaani ya GHz 2.4 na ya GHz 5. Kifurushi chako kikiwa chini ya Mbps 100 matundu ya kawaida yanatosha, kikizidi hapo tafuta iliyoandikwa Gigabit. Hapa kwenye kununua watu wanapigwa sana, kwa hiyo soma pole pole:

- Usinunue rauta ya ADSL, ile yenye tundu dogo la waya wa simu ya mezani. Nyingi hazina WAN ya waya, na dukani bado zipo kwa bei ya kutamanisha.
- Rauta ya mtumba kutoka Ulaya mara nyingi imefungwa kwa kampuni ya hukohuko, setingi huwezi kubadilisha. Iwashe hapohapo dukani uingie kwenye setingi zake ndo utoe pesa.
- Mtumba wa Japani tizama adapta, Japani umeme wao ni volti 100 na wetu ni 230. Ikiwa imeandikwa 100-240V salama, ikiwa imeandikwa 100V peke yake usiichomeke, itaungua mbele yako.

Waya wa LAN, yaani waya wa mtandao wa kompyuta, mmoja au miwili, iliyoandikwa Cat5e au Cat6 ubavuni. Laptopu ni bora, simu pia inafaa. Peni na karatasi, karatasi ya kweli, kwa sababu utakapokuwa huna intaneti ile noti uliyoihifadhi mtandaoni hutoiona. Na nafasi ya masaa mawili asubuhi ya siku ya kazi, wakati kampuni wanapokea simu. Usianze usiku watu wanataka kutizama mpira, utafanya haraka na utakosea.

Hatua ya 1: Piga picha, usiguse kitu

Piga picha nyuma ya kisanduku ionekane waya gani umeingia tundu gani. Piga stika ya chini, pale pana anwani ya kuingilia, jina, paswedi na namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe. Kisha ingia kwenye setingi kwa browza. Visanduku vingi vya Huawei vinafunguka kwa 192.168.100.1, vya ZTE vingi ni 192.168.1.1, chako kitakuwa kimeandikwa. Ukishaingia tafuta ukurasa wa WAN na uupige picha wote: aina ya muunganisho, jina la mtumiaji kama lipo, na namba ya VLAN, ile kampuni wanayoitumia kutenganisha huduma zao kwenye laini moja. Paswedi utaiona nukta nukta, usijali, tutaiomba.

Na kile kitundu kidogo kilichoandikwa reset, chenye kutaka sindano, usikiguse. Hichi ndo kitu ninachokililia zaidi kwenye makala yote haya. Ami yangu yuko Wete, intaneti ilikuwa pole pole, kijana wa jirani akamwambia irisetiwe tu itakuwa mpya, wakachukua pini ya mtandio wakabonyeza sekunde kumi. Taa zikawaka zote vizuri, waifai ikarudi na jina la kiwandani, intaneti haikurudi, kwa sababu jina na paswedi ya laini vilikuwa ndani ya kisanduku na vimefutika. Baadhi ya kampuni wanaweza kukurudishia setingi kwa mbali, kampuni yake walishindwa, ikabidi asubiri fundi, siku nne mzee hana hata pa kumsikiliza mwanawe aliyeko Muscat. Kuzima na kuwasha ni kitu kimoja, kuriseti ni kitu chengine kabisa.

Hatua ya 2: Zungumza na kampuni

Piga simu, au nenda ofisini kama ni karibu, ofisini wanajibu vizuri zaidi. Sema hivi: Assalamu alaykum, mimi mteja wenu, akaunti yangu namba fulani, nataka kuweka rauta yangu nyuma ya kisanduku chenu, naomba mnijuulishe mambo haya. Kisha uliza moja moja na uandike:

Laini yangu ni PPPoE au DHCP? Kama ni PPPoE, jina na paswedi ni ipi? VLAN ni namba ngapi? Laini imefungwa kwa MAC ya kisanduku? Na mwisho, mnaweza kukiweka kisanduku kwenye bridge? Ujue unachouliza: PPPoE ni laini ya kuingia kwa jina na paswedi, DHCP ni ile inayopewa anwani yenyewe bila ya paswedi, na bridge nitaieleza hatua ya 4.

Akikwambia hajui, usigombane nae, muombe kwa adabu akuunganishe na watu wa ufundi, wa mapokezi wengi hawajafundishwa haya. Wakikataa kukupa chochote, bado hujakwama, nenda na Njia ya kwanza hapo chini.

Hatua ya 3: Itayarishe rauta mpya pembeni

Iwashe bila ya kuiunganisha na kisanduku. Jiunge na waifai yake kwa jina na paswedi ya kwenye stika, fungua anwani yake kwenye browza, TP-Link nyingi ni 192.168.0.1, MikroTik ni 192.168.88.1. Simu ikikwambia waifai hii haina intaneti unataka kubaki, sema ndio nabaki, na data ya simu izime, vyenginevyo simu inaruka kwenye data na ule ukurasa haufunguki, hapa wanakwama wengi wakadhani rauta ni mbovu.

Cha kwanza badilisha paswedi ya kuingilia setingi. Hii siyo paswedi ya waifai, ni ya msimamizi, ukiiacha admin admin kila mgeni uliyempa waifai anaweza kuingia akakuharibia.

Sasa siri ambayo itakuokolea nusu siku: kwenye waifai mpya weka jina lilelile na paswedi ileile ya waifai ya zamani, herufi kwa herufi, kubwa kubwa ndogo ndogo, na usalama uchague WPA2. Ukifanya hivyo, ukishazima ile ya zamani, simu za watu wote nyumbani, TV, kamera, printa, vyote vinaingia wenyewe, huna haja ya kumfuata kila mtu na simu yake. Kama paswedi ya zamani mtaa mzima wanaijua basi hapo weka mpya na uvumilie kazi ya kuingiza upya.

Hatua ya 4: Chagua njia yako

Njia ya kwanza, na ndo ninayomshauri kila anayeanza: kisanduku kiache kama kilivyo, kiendelee kupiga laini chenyewe, wewe zima waifai yake tu. Rauta yako inapokea intaneti kutoka kwake kwa waya na inagawa nyumba nzima. Huhitaji paswedi ya PPPoE, huhitaji VLAN, na ukikosea unachomoa waya umerudi ulipokuwa. Ubaya wake ni kuwa rauta zinakuwa mbili nyuma ya nyengine, kwa WhatsApp, YouTube, Zoom na kazi za skuli hutohisi tofauti, ila baadhi ya gemu na kamera za kuangalia ukiwa mbali zinaweza kulalamika.

Njia ya pili ni bridge. Hapo kisanduku kinabaki kugeuza mwanga tu na kila kitu kinafanywa na rauta yako, ni safi zaidi, na kama kisanduku kilikuwa kinaganda kwa kuelemewa hapa kinapumzika kweli kweli. Lakini lazima kampuni wakubali na wakupe taarifa zote za hatua ya 2. Mie mwenyewe natumia hii, ila nilikaa na ya kwanza kwa muda mrefu na sikufa.

Hatua ya 5: Unganisha

Zima vyote viwili. Waya mmoja wa LAN, kichwa kimoja kwenye LAN1 ya kisanduku, kichwa cha pili kwenye WAN ya rauta mpya. Siyo LAN kwa LAN, rudia kusoma, LAN1 ya kisanduku kwenda WAN ya rauta, lile tundu lililokaa peke yake au lenye rangi tofauti.

Washa kisanduku peke yake kwanza. Subiri dakika mbili tatu mpaka taa ya PON, ile ya faiba, itulie isiwe inawaka na kuzima. Ndo uwashe rauta mpya.

Ule waya mwembamba wa faiba uache ulipo. Ikibidi kabisa uhamishe kisanduku, usiukunje kona kali, ndani ni kioo, mzunguko wake usiwe mdogo kuliko mdomo wa glasi ya chai. Kichwa ukikichomoa usikitizame kwa jicho, mwanga wake hauonekani lakini unaweza kuumiza, na usikiguse kwa kidole, mafuta ya mkono yanatosha kuwasha LOS.

Hatua ya 6: Setingi za WAN

Njia ya kwanza: chagua Dynamic IP au DHCP, hifadhi, basi, umemaliza. Kitu kimoja tu cha kutizama, kama kisanduku na rauta vyote vinatumia 192.168.1.1 vitagongana, nyengine zinajibadilisha wenyewe, isipojibadilisha nenda sehemu ya LAN uiandikie rauta yako 192.168.50.1. Intaneti ikishaingia ndo uingie kwenye kisanduku kwa waya uzime waifai zake zote mbili, ya 2.4 na ya 5. Visanduku vyengine vina kitufe cha WLAN ubavuni, bonyeza hicho. Usiizime kabla ya mpya kufanya kazi.

Njia ya pili: chagua PPPoE, andika jina na paswedi kama ulivyopewa, VLAN kama ipo utaiweka sehemu iliyoandikwa VLAN au IPTV, MTU (ukubwa wa kila pakiti ya data) weka 1492. Kama laini yako ni DHCP na imefungwa kwa MAC, tafuta MAC Clone uandike ile MAC ya stika uliyoipiga picha hatua ya 1, au waombe kampuni waisajili MAC ya rauta yako, hiyo ni bora.

Hatua ya 7: Waifai na mahali pa kuiweka

Hapa ndo nyumba zetu zina mambo yake. Waifai ya 2.4 inafika mbali na inapenya ukuta vizuri kidogo, ya 5 ina kasi zaidi lakini ukuta unaiua. Mji Mkongwe nyumba ni za mawe na chokaa, ukuta mwengine ukipitisha mkono dirishani unafika mpaka kiwikoni bado hujatoka nje. Hakuna rauta ya dukani itakayopitisha 5 kwenye kuta mbili za namna hiyo, hata iwe na antena nane, muuzaji akikwambia inapita anataka kuuza. Dawa yake ni waya: vuta waya wa LAN kutoka kwenye rauta ukipitia juu ya mlango mpaka chumba cha pili, hapo weka rauta nyengine ndogo kwenye hali ya Access Point, yaani isambaze waifai tu, isigawe anwani. Hata ile rauta ya zamani uliyokuwa nayo kabatini inafaa kwa kazi hii.

Nyumba za matofali huku Fuoni, Mwanakwerekwe au Chake, rauta moja katikati ya nyumba, juu kidogo ya kichwa cha mtu, inatosha mara nyingi. Usiiweke nyuma ya TV, karibu na tangi la maji, ndani ya kabati la vyombo wala juu ya friji. Walio ufukweni, Nungwi, Jambiani, Makunduchi, msiiweke kwenye dirisha la baharini, hewa ya chumvi inakula zile pini za shaba mpaka zinakuwa kijani na waya unaanza kushika na kuachia.

Kwenye setingi za 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, hizo tatu tu haziingiliani, na upana weka 20 MHz. Majumba ya Michenzani waifai za majirani ni nyingi mno, pakua programu ya bure ya kupima waifai kwenye simu ya Android uone ipi haina watu. WPS (kuunganisha kwa kitufe au pini bila ya paswedi) zima, na Remote Management (kuingia setingi kutoka nje) zima.

Hatua ya 8: Umeme

Walioishi Unguja 2008 na ile miezi kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hawahitaji kuelezwa umeme kukatika ni kitu gani. Siku hizi ni afadhali sana lakini bado unapepesa, na huo upepesaji ndo unaoua adapta. Nunua UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba, ile ya kutoa 12V, hakikisha ina matundu mawili maana kisanduku na rauta vyote vinahitaji, ukiiwekea rauta peke yake hujafanya kitu. Hesabu yake ni rahisi: ikiwa imeandikwa 10,000 mAh kwa betri ya volti 3.7 hizo ni kama wati-saa 37, vifaa viwili vikila wati 15 kwa pamoja unapata kama saa mbili ukitoa zinazopotea.

Masika yakiwa na radi, chomoa adapta ukutani. Kioo cha faiba hakipitishi umeme wa radi, adapta inapitisha.

Wenye dishi la juu ya paa na wenye laini ya simu

Mwenye dishi kazi yake ni nyepesi, rauta ya kampuni kwake ni rauta tu, unaitoa unaweka yako, setingi za WAN unazinakili. Lakini pana kidude cheusi kinachopeleka umeme juu kwenye dishi, kina matundu mawili, moja POE moja LAN. POE inakwenda kwenye dishi, LAN ndo inakuja kwenye rauta. Ukizibadilisha unaweza kuipelekea rauta umeme ukaiunguza, na laptopu pia. Piga picha kabla hujachomoa. Na radi ikianza chomoa waya unaoshuka kutoka paani pia, usiishie kwenye adapta.

Mwenye rauta ya laini ya simu, 4G au 5G, hakikisha mpya haikufungwa kwa mtandao mmoja, hamisha laini, andika APN ya mtandao wako (jina la njia yao ya intaneti), basi. Uliza kwanza kama kifurushi chako kinaruhusu, vyengine vimefungwa kwa kifaa kilekile walichokupa.

Imekataa? Tizama hapa

*WAN inaonesha 0.0.0.0.* Waya umeingia tundu siyo, au kisanduku bado kinamkumbuka mwenzake wa zamani. Zima vyote dakika kumi, washa kisanduku, subiri PON, washa rauta.

*PPPoE inasema jina au paswedi siyo sahihi.* Umekosea herufi, au kisanduku bado kinapiga laini chenyewe kwa jina hilohilo. Waulize kampuni kama kweli wameshakiweka bridge, mara nyingi wamesahau.

*Baadhi ya tovuti zinafunguka nyengine hazimalizi kufunguka.* Shusha MTU kutoka 1492 mpaka 1480. Kama hakuna tovuti inayofunguka lakini ping 8.8.8.8 inajibu, andika DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) mwenyewe, 1.1.1.1 na 8.8.8.8.

*Nalipia Mbps 200 napata 94 tu kila siku.* Waya au tundu limekwama kwenye 100. Badilisha waya kwanza, uzi mmoja tu ukikatika ndani kasi inashuka hapo. Na kumbuka Mbps 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde, usiichukie kampuni kwa hilo.

*Mara intaneti ipo mara haipo, simu hii inapata ile haipati.* Umeunganisha LAN kwa LAN na rauta mbili zinagawa anwani kwa wakati mmoja. Rudi hatua ya 5. Kama ni ile ya Access Point, zima DHCP yake.

*TV au printa haiioni waifai.* Nyingi zinajua 2.4 tu, hakikisha haikuzimwa.

*Kamera ya dukani siioni nikiwa mbali.* Tizama anwani ya WAN, kama inaanzia 100.64 mpaka 100.127 basi unagawana anwani na wateja wengine na kufungua poti hakutosaidia. Tumia programu ya kamera yenyewe, au omba anwani yako peke yako kutoka kampuni, wengine wanatoza.

*LOS nyekundu.* Usiendelee kuhangaika na setingi. Hakikisha faiba haikubanwa na mlango au kabati, kisha piga simu.

Na siku ukipiga simu hiyo, kabla fundi hajafika, chomoa rauta yako, washa tena waifai ya kisanduku, umuache apime kwenye kifaa chao kitupu. Fundi akikuta rauta ya kigeni atasema tatizo ni hilo na ataondoka. Kwa wa bridge mwambie mapema kwenye simu, aje na laptopu na zile jina na paswedi za PPPoE.